Sinia la Nyuma

Walimu wenzangu vijana wa Ibra, hapa Oman, wameniomba niwaandikie kitu kabla sijasahau. Waliponiaga walinipa saa ya ukutani na ngao ya kioo yenye jina langu. Saa nimeitundika, ngao bado naitafutia mahali. Habari za kupandishwa daraja sitawaandikia, kwa sababu kila aliyekaa kazini muda wangu alipandishwa, hata waliokuwa wakisinzia darasani. Nitaandika jinsi nilivyofundisha neno moja tu. Ndilo lililonipa taabu kuliko yote, na sasa mtalifundisha nyinyi.

Nilianza kazi Al Mudhaibi. Nimezaliwa Unguja, nikaletwa Oman ningali mdogo, na Kiarabu changu kilikuwa safi kwenye karatasi, lakini nikifungua mdomo kilinuka karafuu. Siku ya kwanza niliingia darasani na ramani ya Afrika, zile za kukunjua zenye fimbo juu na chini, ndefu kuliko mimi. Nikaitundika, ikaanguka. Nikaitundika tena, ikaanguka tena. Msichana wa dawati la mbele akasema kwa sauti ya kusikika kwamba hata Zanzibar imemkimbia mwenyewe. Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka nao kwa kuwa sikuwa na la kufanya. Kesho yake nilifika kabla ya kengele na nyundo mkobani. Basi kabla ya kuandaa somo jaribuni msumari, maana nusu ya heshima ya mwalimu inaning'inia hapo.

Mkuu wa somo letu la maarifa ya jamii alikuwa Ustadha Nafisa, mama wa Kisudani, mrefu, aliyeweka chaki zake kwenye kopo la maziwa ya unga na asiyemwazima mtu. Siku hizo walimu wengi walitoka Misri, Sudan na Jordan, na sisi wenyeji tulikuwa wa kuhesabika. Alikuwa akiingia darasani kwangu bila ya kuniarifu, akakaa nyuma kabisa, mikono kifuani. Nilimwogopa mwaka mzima, kisha nikampenda.

Sura ya Afrika Kusini ilipofika, kitabu kilikuwa na mstari mmoja tu juu ya ule utawala wa makaburu: neno lenyewe kwa Kiarabu, kisha maana yake, kuwatenga watu kwa asili na rangi. Niliusoma ule mstari, wasichana wakaunakili, nikafungua ukurasa wa pili. Baada ya kipindi Ustadha Nafisa aliniita chumba cha walimu, akanimiminia chai.

"Umewapa maana, hukuwapa neno," aliniambia. "Neno kubwa usianze na maana yake. Anza na aliyelitamka. Waulize alikuwa nani, na alitaka nini. Maana itakuja kwa miguu yake."

Akanieleza. Neno ni *apartheid*, la Kiafrikana, lugha ya makaburu, iliyotokana na Kiholanzi. Nusu ya mwanzo maana yake ni kando, mbalimbali. Nusu ya pili ni kiambishi cha kutaja hali. Ukiliweka pamoja unapata hali ya kuwa mbalimbali, basi. Halina tusi ndani yake. Lilizunguka kwanza midomoni mwa watu wa kanisa na wasomi wao, waliokuwa wakijadiliana jinsi ya kuwahubiria weusi bila ya kukaa nao. Baada ya Vita vya Pili chama chao kikalichukua kuombea kura, kikashinda, na neno likawa sheria: mtaa wako huu, shule yako ile, benchi lako pale, na kipande cha kutembelea mfukoni. Kila walipoulizwa walijibu kwamba hawamchukii mtu, wanataka kila kaumu ikae na yake na ujirani uwe mwema.

Jioni nilimsimulia baba. Ujanani alikuwa karani Mombasa, kwenye ofisi ya meli, na huko jambo hilo walikuwa wakiliita kalabaa, yaani "colour bar" ya Waingereza. Nilidhani atanisimulia matusi. Akasema hawakumtukana hata siku moja. Walikuwa wakimwambia samahani bwana, mlango wenu ule pale. "Tusi ungelijibu," alisema. "Ile samahani utaijibu nini?" Nilikwenda nayo darasani samahani ile, na nimeifundisha miaka yangu yote.

Tangu hapo somo langu lilikwenda hivi. Naandika neno ubaoni kwa herufi zao. Nalikata kwa chaki katikati. Nawauliza wasichana neno hili linanuka au halinuki. Wanasema halinuki. Kisha namtaja aliyelisema na alichotaka, na tunaweka kando yake neno letu sisi wa Uswahilini, ubaguzi, ambalo ukilisikia tu unajua kuna mtu kafanyiwa ubaya. Nawauliza kwa nini makaburu hawakuchagua neno la namna hiyo. Mwenye kujibu hilo amefaulu kwangu, mtihani wa wizara ukisema hivi au vile.

Baadaye nilihamishiwa Ibra, nyumbani kwetu. Mama yangu, Bi Zeyana, alikuwa hapo, mjane, na nyumba yake haikukaukiwa wageni. Nyuma ya msikiti aliishi Bi Mabruka. Wazee wake walikuwa watumishi wa wazee wa mama huko Pemba, na neno lililotangulia utumishi mnalijua, sina haja ya kuliandika. Tulipovuka sisi, alivuka na yeye. Kiswahili chake na cha mama kilikuwa kimoja, vicheko vyao vimoja, hata dawa ya magoti walipakana. Mama alimwita "mtu wetu." Na wote waliozaliwa naye walikuwa "watu wetu."

Siku ya Idi, nyama ya shuwa ikishafukuliwa kwenye tanuri la mtaa, mama alipakua wali kwenye masinia mawili. Moja liliwekwa juu ya sufra iliyotandikwa sakafuni ukumbini, letu sisi na mashangazi. La pili lilikwenda baraza ya nyuma, mlango wa jikoni, la Bi Mabruka na wajukuu wake. Wali mmoja, nyama moja, na mama alijisifu kwamba la nyuma ndilo alilokuwa akilitilia mapande mazuri. Ilikuwa kweli.

Mjukuu wa Bi Mabruka, Zuwena, akawa mwanafunzi wangu mwaka wa mwisho wa sekondari. Alikuwa na ulimi mfupi na jicho refu. Alitaka ualimu, na sikuwa na shaka kwamba ataupata. Siku ya somo langu nilikata neno ubaoni kama kawaida, nikasimulia samahani ya Mombasa, wasichana wakawasikitikia watu wa Afrika Kusini kwa moyo wote. Ni rahisi kumsikitikia mtu wa mbali. Ndipo Zuwena alipoinua mkono.

"Ustadha, masinia mawili ya Idi ni neno hilo hilo, au yana jina lake?"

Hakuna aliyeuliza masinia gani. Robo ya darasa walikula Idi kwa namna hiyo hiyo majumbani kwao, na waliobaki waliijua nyumba ya mama yangu. Ningeweza kusema tutazungumza baadaye. Lakini nilimwona Ustadha Nafisa nyuma ya darasa, ijapokuwa alikwisharudi Sudan zamani, mikono kifuani. Nikamuuliza Zuwena wao wanaitwaje. Akasema, "Tunaambiwa ni watu wenu." Nikageuka, nikaandika "watu wetu" chini ya lile neno la makaburu, nikawauliza: nani alilisema kwanza, na alitaka nini? Kengele ikalia, na sikuufuta ubao.

Mimi nilitoka shule kwa gari, habari ilitoka kwa simu, ikanitangulia nyumbani kwa mama. Mkuu wa shule aliniita asubuhi. Alikuwa mama mpole, akaniomba nibaki ndani ya kitabu. Nikamwahidi nitabaki, ila kitabu chenyewe kina Afrika ndani yake. Hakucheka. Kilichonitia hofu zaidi ni kwamba dawati la Zuwena lilikuwa tupu siku ile, na iliyofuata.

Nikamwendea Bi Mabruka. Nilimpa shikamoo, akaniitikia kwa unyonge, akanikaribisha kahawa na tende kama mgeni. Zuwena alikuwa chumba cha pili, namsikia akikunja nguo. Bibi yake alikwisha amua. Binamu yao alikuwa na kazi Al Mintirib, kwenye kambi za watalii jangwani, na walikuwa wakitafuta msichana wa kufua mashuka. Mtihani wa mwisho ulikuwa karibu. Nilimsihi sana, nikamweleza mtoto ataupoteza mwaka, na ualimu, na asilani hatorudi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Miye sina ghadhabu na wewe, mwanangu," alisema. "Lakini nyumba ile ndiyo iliyonisitiri. Bibi akininunia miye, nina nani? Bibi aseme mwenyewe hana kinyongo, mtoto atarudi."

Kwa hiyo masomo ya Zuwena yalikuwa kinywani mwa mama yangu. Nikaenda usiku ule ule? La, nilisubiri baada ya sala ya asubuhi, saa yake ya furaha, nikamkuta anachambua zafarani. Na hapa vijana msiniige. Nilianza na asili ya neno, kama nilivyofunzwa, badala ya kuanza na mtoto.

Mama aliuliza neno lenyewe maana yake nini hasa. Nikamwambia, hali ya kuwa mbalimbali. Akafikiri.

"Basi ubaya uko wapi? Kila mtu na pake. Ndivyo tulivyoishi, wala hatukugombana."

"Ndivyo walivyosema na wao, mama."

"Unanilinganisha na makaburu?"

"Sikulinganishi wewe. Nalinganisha masinia."

Akainuka, na magoti yale si ya kuinuka haraka. Aliniuliza nani aliyemtibu Mabruka macho, nani aliyewazika wazee wake, nani aliyemwozea binti. Yote yalikuwa kweli na yote alifanya yeye. Akaniambia ya kale hayanuki, khalas, na kwamba mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi. Habari ya Al Mintirib ilinibakia mdomoni. Kila nilipojaribu kuirudia siku zilizofuata, nikishataja jina la Zuwena tu, alikuwa akitia tasbihi mkononi na kunigeuzia bega.

Idi ikafika. Bi Mabruka alikuja, kwa sababu kutokuja ingekuwa ugomvi, na alimleta Zuwena, kwa sababu kumwacha ingekuwa kiburi. Shuwa ilifunguliwa, harufu ikajaa nyumba nzima. Masinia yakapakuliwa, moja mbele, moja nyuma. Mimi nilikuwa nimekwisha azimia. Nikawapita mashangazi, nikaenda baraza ya nyuma, nikakaa kwenye mkeka pembeni ya Bi Mabruka, nikakunja mkono wa nguo.

Bi Mabruka akasimama. Wajukuu wakasimama na yeye.

"Sikufukuzi, mwanangu," alisema kwa sauti ndogo. "Lakini hapa ndipo pangu. Ukija wewe huku nyuma, miye ndo nitakosa pa kula."

Nilitahayari. Miaka mingi nimefundisha jambo lile, na sikuwahi kuliona kutoka upande huo. Lakini sikuwa nimekuja kutahayari. Nikainuka, nikalibeba lile sinia lenyewe, zito na la moto, nikapita nalo jikoni na ukumbini, nikaliweka juu ya sufra, ubavuni mwa letu. Kama watu hawaendi, niliona, wali utakwenda.

Mashangazi wakaangalia dari. Mama akasema, "Rudisha." Nikasema sirudishi. Sikuwahi kumwambia mama neno hilo, na sikulirudia tena mpaka leo.

Hapo Zuwena akatokea mlangoni. Hakuangalia sinia hata moja. Alikwenda moja kwa moja kwa mama, akainama, akambusu mkono.

"Shikamoo, Bibi. Nimekuja kukuaga. Kesho kutwa nakwenda Al Mintirib."

"Marahaba. Kwenda kufanya nini?"

"Kufua mashuka, kambini."

"Na mtihani?"

 Nikamjibia mimi, kwa maneno machache sana mara hii, kwamba ameachishwa shule kwa sababu Bibi amekasirika. Mama alinitazama, akamtazama mtoto, na nikamwona uso ukimbadilika. Wallahi hakuwa akijua. Aliombwa radhi na Bi Mabruka, akadhani yamekwisha hapo, na kununa alininunia mimi.

"Miye nimekasirika," alisema pole pole, "lakini nani kasema mtoto aache kusoma?" Kisha akapaza sauti ile ya Pemba, ambayo watu wote wa nyumba wanaijua. "Mabruka! Mtoto huyu haendi popote. Atafanya mtihani wake. Nimesema mimi."

"Labeka, Bibi," ikasikika kutoka nyuma.

Na akaongeza, bila ya kunitazama, kwamba sinia lile lirudi lilikotoka, watu wanangoja.

Nililirudisha. Wali ulikwisha anza kupoa. Nilijiuliza muda mrefu kama siku ile nilishinda au nilishindwa, kwa sababu mtoto aliokolewa na amri ile ile, kwa sauti ile ile, ambayo nilikuwa nikiipiga vita. Sasa najibu: nilitaka Zuwena arudi darasani, na asubuhi shule ilipofunguliwa dawati lake halikuwa tupu. Hilo sikuliachia. Mengine niliyaweka kiporo. Ila Zuwena hakula Idi ile, mbele wala nyuma. Alikwenda kwao kwa miguu, na toka hapo hakukanyaga kwetu siku ya Idi.

Alifaulu, akasoma ualimu, akarudi kufundisha somo letu kwenye shule yetu. Mnamjua, kwa hiyo sitamsifu asije akavimba kichwa. Tulikaa meza moja chumba cha walimu kwa miaka, na hatukuyazungumza ya masinia hata mara moja. Alinifundisha ubao wa umeme, ule wa kugusa kwa kidole, ambao kwa heshima zote haukatiki kwa chaki. Nilipostaafu nilimwachia ramani ya kukunjua. Imepasuka maeneo ya Kongo na haina faida, lakini msumari wake upo.

Idi iliyofuata kustaafu kwangu alitupigia simu. Amejenga Al Mudhaibi, yeye na mumewe, na alitaka mama yangu na mimi tule kwake. Nilidhani mama atakataa. Hatoki siku hizi, magoti yamekwisha. Aliuliza kama Mabruka atakuwepo. Nikamwambia Bi Mabruka anaishi huko huko kwa mjukuu wake. Akaniambia nimtolee kanga mpya.

 Tulipofika, Zuwena alimshika mkono wa kulia, mimi wa kushoto, tukamkalisha kwenye godoro la ukumbini. Bi Mabruka alikuwa mlango wa jikoni, amesimama, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Sufra ikatandikwa. Zuwena akaja na sinia kubwa, wali na shuwa, akaliweka katikati. Nikasubiri, kwa mazoea, nione la pili linaelekea wapi.

"Bibi, njoo," Zuwena alimwambia bibi yake. "Nyumbani kwangu kuna sinia moja tu."

Bi Mabruka alikuja akakaa ukingoni mwa sufra, mikono mapajani. Tulikuwa tumekwisha nawa. Alikuwa akingoja mama aanze, kama alivyongoja maisha yake yote. Mama naye hakuanza. Alikuwa akimtazama Bi Mabruka, na mkono wake umelala juu ya goti. Na mimi, niliyesema maneno mengi sana juu ya jambo hili, niliuuma ulimi wangu. Mvuke wa wali ulipungua mbele yetu.

"Ushakuwa mzee, Mabruka," mama alisema mwishowe.

"Na wewe, Bibi."

"Hapa kwa mjukuu wako. Miye mgeni hapa." Akalisukuma lile sinia kidogo, mpaka pande zuri likawa upande wa mwenzake. "Mgeni haanzi. Anza wewe."

Bi Mabruka akanitazama mimi, akamtazama Zuwena, akalitazama sinia. Kisha akasema bismillahi, akatangulia.